Fundi Asiyetaka Gari Lililooshwa

Huku kwetu hatuendi kwa mtu mzima tukiwa wachafu. Ukiitwa na mzee unanawa uso, unapangusa viatu kwenye nyasi, na kama una gari unalipitisha kwanza kwa vijana wanaoosha magari karibu na stendi. Ndiyo maana wateja wengi wa Fundi walifika kwenye karakana yake ya Katesh na magari yanayong'aa, maji bado yakidondoka chini ya boneti, na ndiyo maana wengi walianza kwa kugombezwa.

"Nani amekwambia ulioshe?"

"Shikamoo, Mzee. Nimeona nisikuletee vumbi."

"Marahaba. Vumbi ndilo nililokuwa nalitaka. Umenifutia. Sasa nenda ukaendeshe huko Gehandu, ile barabara ya ng'ombe, halafu wiki ijayo urudi ulivyo."

Walidhani anatania, lakini hakuwa anatania. Gesi ya AC ya gari haionekani, na ya siku hizi haina harufu ya kusema utainusa. Lakini haitoki peke yake. Inatoka na mafuta kidogo ya kompresa, pampu inayoisukuma, na mafuta hayo yakikutana na vumbi letu yanaacha doa jeusi, laini, kama alama ya kidole cha mtu aliyetoka kula nyama. Fundi alilitafuta doa hilo kwa macho kabla hajagusa kifaa chochote. Ukiosha injini umemfukuza shahidi.

Siku ya mazishi yake magari yalijaa uwanjani kule Hirbadaw, na yote yalikuwa yameoshwa, kwa heshima. Pikapu moja tu ya bluu, yenye milango minne, ilifika na vumbi lote la njiani kutoka Mbulu, na nilisikia wazee wawili wakisema dereva wake hana adabu. Sikuwasahihisha. Nitafika kwa dereva huyo.

Nilimwita Fundi, au Mzee, na kila mtu alimwita hivyo. Hakuwa mnyenyekevu. Alivaa shati lililopigwa pasi hata siku ya kulala chini ya kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, na alikuwa na kalamu mfukoni ambayo sikumbuki kumwona akiandikia. Alisema kati ya Singida na Babati hakuna mtu anayejua kutafuta gesi inapovuja isipokuwa yeye. Alisema hivyo gereji, alisema hivyo kwenye chai, na inasemekana aliwahi kusema hivyo kanisani alipopewa nafasi ya kutoa shukrani. Kibaya ni kwamba ilikaribia kuwa kweli.

Wageni walishangaa fundi wa AC anaishije mahali ambapo watu wanatembea na sweta asubuhi hadi mchana. Yeye mwenyewe alishangaa. Aliita AC "baridi ya kununua."

"Mtu wa Mbulu ana baridi ya bure mpaka anaifungia dirisha," alisema, "halafu anakuja kwangu kununua nyingine."

Lakini kazi ilikuwepo. Wakati wa mavuno ya ngano madereva wa kombaini walikaa ndani ya chumba cha kioo kutwa nzima, jua mbele na vumbi pande zote, na AC ikifa hawawezi kufungua dirisha. Kulikuwa na magari yanayoshuka bonde la Yaeda, ambako joto ni joto kweli. Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa ndani ya gari lililowashwa AC. Akishamaliza kazi alitia mkono tu dirishani, akaushika ule upepo kidogo, akautoa mkono haraka kama aliyegusa mali ya mtu. Kisha alirudi kwenye chai yake ya moto na sweta zake mbili.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na ni afadhali niseme mapema. Nikikaza nati naifungua tena kuona kama niliikaza. Nikituma ujumbe nausoma baada ya kuutuma, halafu nasikia aibu kwa nukta iliyokosekana. Kazi hii nilijifundisha kwenye simu, kwa video za watu wa mbali wanaotengeneza magari juu ya sakafu nyeupe, na nilipofika kwa Fundi nilikuwa na kibanda changu Katesh, wateja wachache, na kifaa cha kunusia gesi nilichokiagiza kwa kujinyima. Kinapiga kelele kikikuta gesi. Kwangu kilipiga kelele kila mahali. Nilikuwa sijui kama kibovu ni kifaa au mimi, na swali hilo lilininyima raha kiasi kwamba nilifunga kibanda na kwenda kumwuliza.

Aliniambia nikiwashe. Nilikipitisha kwenye mipira ya gesi ya kombaini iliyokuwa pale, kikanyamaza. Nilipogeuka kumtazama, kikaanza kulia.

"Kinasema nini?"

"Kinasema kuna gesi hapa, Mzee."

"Hapo ni mimi."

Madereva wa kombaini walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Baadaye nilielewa kwamba kilikuwa kinanusa spiriti aliyojipaka baada ya kunyoa. Lakini kwa siku nyingi kila nilipoingia, mmoja wao aliuliza, "Kijana, Mzee bado anavuja?" na Fundi mwenyewe alijibu, "Amenitafuta kutwa nzima, hajaona panapotoka."

Nilibaki. Nilifunga kibanda changu na kuhamia kwake, kwenye kigoda kilichokuwa kando ya meza ya vifaa. Kilikuwa kigoda kizuri, cha mtu mfupi kuliko mimi, na sikuuliza kilikuwa cha nani.

Alitafuta hivi. Asubuhi mapema, kabla upepo wa mlimani haujaamka, maana upepo wa Hanang ukianza hakuna povu linalokaa wala kifaa kinachonusa. Kwanza macho na doa. Kisha povu la sabuni, alilolipiga kwenye kopo mpaka likawa zito kama maziwa ya kuganda, akalipaka kwa brashi ya kunyolea kwenye kila kiungo. Halafu alitandaza shuka juu ya boneti iliyo wazi, akaingiza kichwa chini yake, na kuniamuru niingize changu. Tulikaa humo tukipumua polepole, harufu ya sabuni na ya spiriti yake, tukisubiri.

"Usilitazame kwa nguvu," alininong'oneza. "Litaona haya."

Na mara nyingi, baada ya muda ambao mimi ningekuwa nimeshakata tamaa na kuhamia kiungo kingine, jicho moja dogo lilifumbuka kwenye povu, likavimba, likapasuka, likafumbuka tena. Fundi alitoa kichwa nje na kwenda kunywa chai, akaniacha nilione peke yangu.

Jambo ambalo hakulivumilia ni kujaza bila kutafuta. Mafundi wengine hufanya hivyo: gari likiacha kupoza wanalijaza, mwenye nalo anaondoka anafurahi, na baada ya miezi anarudi. Fundi alisema huko ni kumfuga mteja kama ng'ombe wa maziwa. "Kujaza siyo kutengeneza," alisema, na niliwahi kumwona akimrudisha mtu mkubwa wa wilaya, mwenye haraka zake, kwa sababu hakutaka kuacha gari hadi asubuhi. Mtu yule aliondoka na hasira, na Fundi akaniambia, bila kuniangalia, kwamba hasira inapoa bila gesi.

Alikosea pia, na namna yake ya kukosea ndiyo iliyonifundisha zaidi alivyokuwa. Aliwahi kumwambia dereva wa kombaini kwamba kondensa, ile rejeta ya AC, imekwisha, ikaagizwa nyingine, ikafungwa, na gesi ikaendelea kutoka. Ilikuwa mpira tu, nyuma, mahali palipojificha. Dereva alisubiri aambiwe samahani, na samahani haikuja. Kuna maneno ambayo kinywa cha Fundi hakikuyazoea. Lakini msimu uliofuata, kombaini ile ilipokuwa shambani Masakta, alifunga vifaa vyake kwenye gunia, akapanda bodaboda na sweta zake mbili, akaikagua kombaini nzima pale pale kwenye ngano, na hakumruhusu dereva afungue pochi. Dereva alinisimulia kwamba Mzee hakuongea siku nzima isipokuwa kuomba maji. "Nikajua ananiomba radhi," alisema. "Lakini mimi ni mtu mzima. Mtoto angejuaje?"

Wala hakujua kusifu. Nilipofanya vizuri alisema, "Funga boneti." Nilipofanya vibaya alisema, "Fungua tena." Nilimfanyia kazi miaka mingi, na katika miaka hiyo nilitamani maneno mawili tu kutoka kwake: kazi nzuri. Najua ni mambo ya kitoto. Nilikuwa najisemea mwenyewe kwa sauti yake, nikiwa peke yangu naosha brashi, nione yangesikikaje.

Sasa ile pikapu ya bluu.

Ilikuja kila baada ya miezi michache, ikiendeshwa na dada mmoja wa rika langu, au amenizidi kidogo, anayefanya kazi ya kukodisha gari lake kwa watu wanaoshuka Yaeda. Alitoka Mbulu kwa njia ndefu ya Dongobesh na Haydom na Basotu, akawapita mafundi wote wa njiani. Aliinama kidogo na kusema, "Shikamoo, Baba," jambo ambalo halikunishtua, maana wengi huku humwita mzee yeyote Baba. Pikapu haikuwa imeoshwa hata mara moja. Na kwa pikapu hiyo peke yake, Fundi alivunja sheria yake.

"Inapoza?"

"Imepungua tena."

"Barabara?"

"Mbaya. Pale Basotu wamechimba."

"Jaza," aliniambia mimi, halafu akabadili mawazo. "Acha. Najaza mwenyewe."

Mara ya kwanza niliuliza kama hatutafuti kwanza. Alinitazama kama nimemtukania mtu. Alichukua beseni, akaweka maji ya moto, akausimamisha mtungi wa gesi ndani yake ili gesi iingie vizuri, na siku za baridi kweli inasaidia. Lakini alifanya hivyo hata siku za joto, na maji yakipoa alichemsha mengine. Kazi ya dakika chache ilichukua asubuhi nzima. Walikaa pande mbili za boneti wakitazama geji, wakiongelea mvua na bei ya mahindi. Mchana dada alitoa galoni ya maziwa ya mgando, wakanywa, mimi nikapewa pia. Kisha aliondoka, na Fundi hakufanya kazi nyingine siku hiyo.

Nilidhani ni uzee. Ninaona aibu kusema nilidhani pia kwamba huenda, kwa mteja huyu mmoja, anafanya kama wale mafundi wengine.

Macho yake yaliingia ukungu polepole. Alianza kupaka povu pasipo na kiungo, nami nikawa napaka nyuma yake bila kusema. Siku moja alikaa ndani ya shuka muda mrefu, akatoka, akaniuliza, "Wewe umeliona?" Nilikuwa nimeliona. Wiki hiyo alinipa funguo na kurudi shambani kwake Hirbadaw. Hakusema kwaheri. Alisema nisiuze ile brashi.

Pikapu ilipokuja tena, nilikuwa peke yangu. Dada alitazama kiti cha Fundi, akatazama ndani, kisha akaniuliza kama Baba anaumwa. Nikamweleza. Alitikisa kichwa, akafungua boneti mwenyewe.

Mimi siwezi kujaza bila kutafuta. Nilifundishwa hivyo, na hata kama nisingefundishwa, roho yangu isingenipa. Nikainama, na sikuhitaji povu. Doa lilikuwa pale pale kwenye vali ya kujazia, jeusi, la miaka. Vali hiyo ina kipande kidogo ndani kama kile cha tairi la baiskeli, na juu inafunikwa na kifuniko. Kipande kilikuwa kimechoka, na kifuniko hakikuwepo. Hakuna mahali rahisi kuliko hapo kwenye gari zima. Na kila alipojaza, Fundi alichomeka mpira wake juu ya doa lile kwa mkono wake mwenyewe, tangu enzi macho yake yalipokuwa yanaona unywele.

Nilipaka povu hata hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyo. Jicho likafumbuka.

"Dada, nimeona panapovuja."

Alikuja kutazama. Hakuonekana kushangaa sana.

"Yeye alikuwa hapaoni?" aliuliza.

Alikaa kwenye kigoda changu, na miguu yake ikafika chini sawasawa, na hapo nikaelewa, kabla hajasema, kigoda kile kilikuwa cha nani.

"Nilipomaliza shule nilimwomba anifundishe," alisema. "Nilikuwa nimekaa hapa tangu mdogo, najua vifaa vyote. Akasema mkono wa msichana haufai kuingia kwenye injini. Nikaenda Mbulu, nikajifunza kuendesha. Tukakaa bila kuongea. Siku moja AC ikapungua, nikajisemea, basi, nimpelekee gari."

"Na kifuniko cha vali?"

"Kilidondoka. Sikukitafuta." Alitabasamu kidogo. "Halafu nikasikia amechukua kijana aliyejifunza kwenye simu."

"Sikujua, dada."

"Ungejuaje. Haya, ziba. Una wateja."

Nilibadilisha kipande kile na kuweka kifuniko kipya. Nilivuta kwa pampu hewa yote iliyokuwa kwenye mipira, nikasubiri, mshale wa geji haukusogea. Nilijaza gesi, nikapaka povu, nikaingia chini ya shuka na kukaa humo. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na uhakika na kazi yangu, uhakika kamili, na haukunipa furaha yoyote. Nilikuwa nimeiondolea barabara ile ndefu sababu yake.

Ndipo wasiwasi wangu, ulionitesa tangu utoto, nikaufanya kisingizio.

"Sijaridhika," nilisema. "Naona kama bado. Twende kwa Mzee akaikague."

"Wewe hata chai yako huwa hujaridhika nayo," alisema. Lakini alishafika mlango wa dereva.

Tulimkuta Fundi uani kwake Hirbadaw, anachambua maharage kwenye ungo kwa vidole. Alimtambua kwa mngurumo wa pikapu kabla hatujashuka. Alisimama, akajipapasa shati kama lina mikunjo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Imepungua?"

"Kijana wako ameitengeneza. Anasema hana uhakika."

Nilikuwa nimebeba kopo na brashi. Nilimwongoza mkono mpaka kwenye vali, akapaka povu mwenyewe. Alikuwa haoni, kwa hiyo aliweka ncha ya kidole juu ya povu na kutulia, akisubiri jicho limguse. Binti yake alisimama upande wa pili wa boneti, kama walivyozoea. Mimi nilisema sentensi niliyoiandaa njia nzima.

"Mzee, mimi naona kama bado inavuja kidogo. Labda dada awe anapita hapa kila baada ya muda, uiangalie."

Aligeuza uso kuelekea kwangu. Nilifanya naye kazi muda mrefu, na alinijua: wasiwasi wangu wa kweli hutoka kwa maneno mengi na haraka, na hayo yalikuwa yametoka taratibu. Alijua kwamba najua. Nilimwona akijua. Alihitaji kusema neno moja tu, uongo mdogo kuliko mabeseni yote yale ya maji ya moto. Na kidole chake kilikaa kwenye povu mpaka likaanza kukauka pembeni.

"Haivuji," alisema.

Kisha, kwa sauti aliyoiandaa sijui kwa miaka mingapi, akaniambia mbele ya binti yake, "Kazi nzuri."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Kwa hiyo imepona, Baba?"

"Imepona. Hutasumbuka tena kuja."

"Sikuwa nasumbuka."

Alijipangusa kidole kwenye suruali, akajipangusa tena kikiwa tayari kimekauka. Mdomo wake ulifunguka. Nilimwona akitafuta, kama anavyotafuta kwenye mipira, kiungo baada ya kiungo.

"Barabara ni mbaya," alisema.

"Ni kweli," alisema binti yake, na akafunga boneti polepole, kwa mikono miwili, bila kuipiga.

Alitusindikiza hadi mlango wa dereva akiwa ameshika ubavu wa pikapu kwa kiganja, na hakukiondoa mpaka gari lilipoanza kutembea na kuponyoka chini yake. Sikumwona tena akiwa hai.

Kutoka Hirbadaw hadi Katesh dada aliendesha polepole. AC ilikuwa imewashwa. Ilipoza sana, ilinifikia kwenye magoti na kwenye vidole, hata nikaanza kutetemeka, na yeye pia nilimwona amekunja mabega juu ya usukani. Hakuna kati yetu aliyenyoosha mkono kuizima.